Ubao wa balansi: nani apande, nani abaki sakafuni?

Mdogo wangu alirudi nyumbani na ubao wa duara, mpana kama sinia la pilau, chini yake umebandikwa nusu tufe la plastiki ngumu. Ukiuweka sakafuni unalala upande mmoja. Ukiupanda unainama huku na huku, na wewe juu yake unapepesuka kama mtu aliyetoka kilabuni. Ndani ya miezi saba dogo alikuwa ameteguka mara mbili kifundo kilekile cha mguu wa kulia akicheza mpira, na mwenzake wa timu ndiye aliyemwambia kwamba dawa ni huo ubao.

Mama alimtazama kama dakika tano, akacheka, halafu akavua kandambili. "Hebu nipishe na mimi nijaribu."

Mama ana miaka 66. Mwaka jana aliteleza bafuni, akatoka na michubuko tu. Bibi, yaani mama yake, hakuwa na bahati hiyo. Alianguka uani, nyonga ikavunjika, na hakutembea tena mpaka anafariki. Kwa hiyo Mama hakuwa anatania. Alikuwa anatafuta kitu cha kumkinga asianguke, na kile pale kilikuwa mbele yake.

Nikamshika mkono. "Subiri kwanza, Mama." Kwa nini? Nikajibu kwamba ngoja nisome kidogo. "Miaka yote hiyo chuoni," akasema, "ubao tu unakushinda, mwanangu?" Dogo akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ubao, jambo ambalo kwa kweli lilinisaidia hoja.

Makala hii ndiyo jibu nililompa baadaye, nikalipanua kwa ajili ya yeyote aliyewahi kuona vifaa hivi kwenye ukumbi wa mazoezi au kwenye matangazo ya simu: ubao unaoyumba, nusu mpira wenye kitako bapa, mto wa hewa wa kusimamia, ule mpira mkubwa wa kukalia. Vyote vinauza bidhaa moja, nayo ni kukunyima utulivu. Swali ni nani ananufaika kwa kunyimwa, na nani anaumia.

Ufagio juu ya kiganja

Utotoni wengi wetu tumewahi kusimamisha ufagio wa mti mrefu juu ya kiganja. Ufagio ule hautulii hata sekunde moja. Unaonekana umetulia kwa sababu mkono unaufuata bila kukoma. Binadamu aliyesimama ni ufagio wa namna hiyo hiyo: uzito mwingi uko juu, na pa kukanyagia ni nyayo mbili tu. Hata ukiwa kwenye foleni ya benki ukidhani umesimama tuli, mwili unayumba kidogo mbele na nyuma, na misuli ya mashavu ya miguu inakurudisha kabla hujajua.

Ili kazi hiyo ifanyike, ubongo unahitaji kuambiwa mwili unaelekea wapi. Unaambiwa na watu watatu, tuseme hivyo. Wa kwanza ni macho. Wa pili yuko ndani ya sikio, kila upande: mifereji mitatu midogo yenye maji maji inayopima kichwa kinapogeuka, pamoja na vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa vinavyopima kichwa kimeinama kiasi gani na kinaongeza au kupunguza mwendo. Wa tatu ndiye anayesahaulika. Ni vihisi vilivyomo ndani ya misuli, kano, viungo na ngozi ya nyayo, vinavyoujulisha ubongo kila kiungo kimekunjwa kiasi gani na nyayo zinakandamizwa wapi. Fumba macho uguse pua yako kwa kidole. Umepata bila kuona, na huyo wa tatu ndiye aliyekuelekeza.

Ukitaka kuwajua wote watatu, simama karibu na ukuta, inua mguu mmoja, uhesabu mpaka kumi. Rahisi, au siyo? Sasa fanya tena ukiwa umefumba macho. (Nimesema karibu na ukuta. Usinilaumu.) Ukimwondoa shahidi mmoja tu, wawili waliobaki wanahaha. Ubongo mdogo, ule ulioko kisogoni, ndio unaolinganisha taarifa hizo na kurekebisha amri zinazokwenda kwenye misuli, na kama kazi yoyote ile, unaiboresha kwa kuirudia.

Mbao hizi ziliingia kwenye tiba kupitia huyo shahidi wa tatu. Mwaka 1965, daktari Mwingereza wa mifupa, M. A. R. Freeman, aliandika na wenzake kuhusu wagonjwa ambao mguu unaendelea kuwasaliti muda mrefu baada ya kuteguka. Wazo lao lilikuwa kwamba kano ikichanika, na mishipa ya fahamu iliyomo ndani yake inaumia, kwa hiyo kiungo kinabaki kama hakina habari za kutosha. Wakawapa wagonjwa mazoezi ya kusimama juu ya mbao zinazoinama. Maelezo yenyewe yamepingwa na kurekebishwa tangu hapo. Ubao ukabaki.

Usukani uliokatika

Sasa twende kwenye fizikia yake, maana faida na hasara zote za ubao zinaanzia hapa.

Ukiwa sakafuni na mwili ukaanza kuinamia mbele, unakandamiza vidole vya miguu chini. Sakafu haisogei, kwa hiyo inakujibu kwa msukumo, na mwili unarudi. Kifundo cha mguu ndicho usukani. Ukiwa juu ya ubao, ukikandamiza vidole, kinachoinama ni ubao wenyewe. Umezungusha usukani lakini gari halijakata kona. Inabidi utafute njia nyingine. Misuli ya pande zote za kifundo inakaza kwa pamoja ili kukifanya kigumu, goti linakunjwa, nyonga inatupwa upande, mikono inapepea hewani. Misuli ya upande wa nje wa muundi, ile inayovuta unyayo uelekee nje, inafanya kazi ambayo sakafuni haiipati mara nyingi.

Kwa hiyo hisia ya kwamba "kila kitu kinafanya kazi" ukiwa juu ya ubao ni ya kweli. Kinachofuata ndicho ambacho muuzaji hakuambii.

Kwa dogo: ndiyo, lakini tuangalie goti

Kuteguka kwa kawaida ni hivi: mguu unatua vibaya, unyayo unabingirika kuelekea ndani, kano za upande wa nje zinavutika au kuchanika. Sisi nyumbani tunakanda na maji ya moto, tunafunga bandeji, uvimbe ukipungua mtu amerudi uwanjani. Tatizo ni kwamba aliyeteguka mara moja yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuteguka tena kuliko ambaye hajawahi. Dogo ni ushahidi unaotembea, au tuseme unaochechemea.

Hapa ubao una ushahidi mzuri, na napenda hasa utafiti mmoja wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2009. Wanamichezo 522 walioteguka muda si mrefu waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipata matibabu yao ya kawaida, au hawakupata, kama walivyozoea. Nusu yao wakaongezewa programu ya wiki nane ya kufanya wenyewe nyumbani, mara tatu kwa wiki, isiyozidi nusu saa kila mara, wakapewa na ubao. Katika mwaka uliofuata, asilimia 33 ya kundi linganishi waliteguka tena. Kwenye kundi la mazoezi ilikuwa asilimia 22. Na waliofaidika zaidi walikuwa wale ambao hawakwenda kabisa kwa mtaalamu baada ya kuteguka. Yaani watu wa maji ya moto na bandeji.

Marekani nako, mwaka 2006, ulichapishwa utafiti wa wanafunzi 765 wa sekondari wanaocheza mpira wa miguu na wa kikapu. Waliofanya mazoezi ya msawazo, asilimia 6.1 waliteguka msimu huo. Wasiofanya, asilimia 9.9.

Tahadhari moja kabla hujakimbilia dukani. Programu hizi hazikuwa ubao mtupu. Zilikuwa na kusimama kwa mguu mmoja sakafuni, kurusha na kudaka mpira huku umesimama hivyo, kukunja goti taratibu, halafu ndipo ubao. Kwa hiyo huwezi kuchukua asilimia zile na kuzibandika kwenye kipande cha mbao peke yake.

Jambo lingine linalonivutia: ubao haukupi kinga kwa kukufanya uwe na "refleksi za haraka", ingawa matangazo yanasema hivyo. Unyayo unapobingirika, misuli ya pembeni ya muundi huchukua kama milisekunde 60 hadi 80 kuanza kuitikia, na baada ya hapo inahitaji muda zaidi mpaka nguvu yenyewe ijengeke. Kano inaweza kuwa imeshaumia. Inaelekea faida inapatikana mapema zaidi, yaani mwili unajifunza kuuandaa mguu kabla haujagusa ardhi, utue ukiwa umenyooka na misuli ikiwa tayari imekaza.

Sasa goti. Msimu wa 2001 na 2002, Waholanzi walifuatilia timu 116 za mpira wa wavu. Baadhi zilipewa programu ya ubao, nyingine ziliendelea na mazoezi yao. Kuteguka kulipungua kwenye timu za ubao, lakini ukichambua unakuta kupungua huko ni kwa wachezaji waliowahi kuteguka. Wale ambao hawajawahi hawakupata nafuu inayoonekana. Na likatokea jambo ambalo hawakulitegemea: wachezaji waliokuwa na historia ya kuumia goti, wakifanya mazoezi ya ubao, waliongezeka kupata maumivu ya goti, yale yanayokuja polepole kwa kurudia mwendo uleule. Waandishi wenyewe wakaandika kwamba aliyewahi kuumia goti pengine asitumie ubao.

Kabla ya hapo, mwaka 2000, Waswidi walikuwa wameripoti jaribio la wanawake wachezaji mpira 221. Kundi la ubao na kundi linganishi hawakutofautiana kwa idadi ya majeraha ya miguu. Majeraha makubwa yalikuwa mengi zaidi kwenye kundi la ubao, na kati ya wachezaji watano waliokatika ile kano ya katikati ya goti, ambayo mashabiki tunaifahamu kwa kumweka mchezaji nje msimu mzima, wanne walitoka kundi la ubao. Watano ni wachache mno kusema ubao ndio uliowakata, na sisemi hivyo. Nasema tu kwamba huwezi kumwambia mtu ubao utamlindia goti kwa kuonyesha matokeo kama haya. Rudi kwenye usukani wetu: kifundo kikinyimwa kazi yake, mzigo unapanda juu, na kilicho juu ya kifundo ni goti.

Nilimuuliza dogo kuhusu magoti. "Dada, magoti yangu yako fiti." Nikamuuliza tena wiki mbili baadaye, maana namjua.

Kwa mimi: sikupaswa kuchuchumaa juu ya nusu mpira

Hapa najisema mwenyewe. Kwa mwaka mzima nilikuwa nachuchumaa na kuinuka na vyuma begani nikiwa nimesimama juu ya nusu mpira, kwa sababu mwalimu wa mazoezi alisema "unapata viwili kwa kimoja", nguvu na balansi.

Hesabu zinakataa. Nchini Kanada, watafiti walipima mwaka 2004 nguvu ya juu kabisa ambayo mtu anaweza kuisukuma kwa kifua akiwa amelala kwenye benchi, halafu akiwa amelalia mpira mkubwa. Juu ya mpira nguvu ilipungua kwa karibu asilimia 60, ilhali umeme unaopimwa kwenye misuli ulibaki uleule. Yaani misuli inafanya kazi kama kawaida, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukushikilia usianguke, na inayobaki ndiyo inayosukuma chuma. Misuli hukua na kupata nguvu kwa kubebeshwa mzigo. Ukiipunguzia mzigo zaidi ya nusu ili uyumbe, umechagua kuyumba.

Mwaka 2007 Wamarekani waliwagawa wachezaji 19 wa timu ya mpira ya chuo: kundi moja likafanya mazoezi ya miguu juu ya sahani za mpira zilizojazwa hewa, lingine sakafuni, kwa wiki kumi. Wa sakafuni waliongeza uwezo wa kuruka. Wa sahani hawakuongeza. Kwenye mbio fupi wote walipata kasi, ila wa sakafuni walipata zaidi. Watu 19 ni kikundi kidogo, lakini matokeo yanakwenda upande uleule.

Kuna hatari nyingine ya vyuma juu ya mpira, nayo haihitaji takwimu. Oktoba 2009, mchezaji wa kikapu Francisco García wa Sacramento Kings alikuwa amelalia mpira wa mazoezi huku ameshika vyuma viwili vizito, mpira ukapasuka chini yake. Mfupa wa mkono ukavunjika. Mwaka huohuo nchini Marekani mipira karibu milioni tatu iliondolewa sokoni baada ya ripoti 47 za mipira kupasuka ikiwa imejazwa hewa kupita kiasi. Sasa fikiria mpira usio na lebo yoyote, uliojazwa kwa pampu ya baiskeli mpaka ukalia kama ngoma.

Nimerudi sakafuni.

Kwa Mama: hapana, na ana kitu bora zaidi

Nilitumia muda mrefu zaidi kwenye hili kuliko mengine yote, kwa sababu za nyumbani ulizokwisha kuzisoma.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tunazoea kudhani huu ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya wanaoteleza kwenye barafu. Kumbe ni bafu, uani, ngazi zisizo na pa kushika, na marumaru zilizopigwa deki.

Habari njema ni kwamba mazoezi yanazuia kuanguka. Mapitio makubwa ya mwaka 2019 yalikusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000 kutoka nchi 25, wengi wao wazee wa miaka sabini na kitu wanaoishi majumbani mwao. Mazoezi ya msawazo na ya vitendo vya kila siku yalipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 24. Yakichanganywa na mazoezi ya nguvu, kama asilimia 34. Ni vidonge vichache sana vinavyoweza kujivunia hivyo.

Lakini je, ni mazoezi gani hayo? Chukua programu ya Otago, iliyobuniwa New Zealand miaka ya 1990 na mojawapo ya zilizopimwa zaidi duniani. Majaribio yake manne yalijumuisha watu 1,016 wenye miaka 65 hadi 97, na kuanguka kulipungua kwa asilimia 35. Ukisoma orodha ya mazoezi yake unaweza kudhani unadanganywa. Kuinuka kwenye kiti na kukaa. Kusimama kwa mguu mmoja. Kutembea kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kama unapita juu ya mstari. Kutembea kinyumenyume. Kutembea upande. Kusimama kwa vidole, kisha kwa visigino. Vifuko vya uzito vya kufunga miguuni kwa ajili ya nguvu. Nusu saa, mara tatu kwa wiki, pamoja na matembezi ya kawaida angalau mara mbili. Mwanzoni unashika meza, baadaye unashika kwa mkono mmoja, baadaye unaiacha. Hakuna ubao unaoyumba.

Sababu yake inaeleweka. Msawazo hufundishwa kwa kuupa mwili jaribu ambalo ni gumu kidogo kuliko unaloliweza. Unaweza kuongeza ugumu kwa kupunguza pa kukanyagia, kwa kuusogeza mwili juu ya miguu, au kwa kupunguza msaada wa mikono. Yote matatu unayapata sakafuni, hatua kwa hatua. Ubao unaruka hatua zote hizo na kukupeleka kwenye ugumu ambao mtu wa miaka 66 akiukosea, anaanguka kutoka juu ya kitu kinachoteleza, juu ya marumaru, akiwa na mifupa ambayo baada ya ukomo wa hedhi imeshapungua uimara. Unatafuta kinga ya kuanguka kwa kujipa nafasi mpya ya kuanguka.

Kuna sababu ya pili, na hii ndiyo iliyonibadilisha mawazo hata kwa watu wenye afya. Mwaka 2016 watafiti walikusanya tafiti za mazoezi ya msawazo kwa watu wasio na ugonjwa, wakauliza swali rahisi: mtu akifanya mazoezi ya aina moja, anakuwa hodari kwenye nini? Jibu: kwenye hichohicho alichokifanyia mazoezi, tena hodari sana. Kwenye vipimo vingine vya msawazo ambavyo hakuvifanyia mazoezi, hakukuwa na faida ya maana. Yaani "balansi" si tangi moja unalojaza kwa ubao halafu ukachota bafuni. Ni ujuzi mwingi mdogo mdogo. Anayejua kuendesha baiskeli hajui kwa sababu hiyo kusimama kwenye mtumbwi. Mama hataishi juu ya ubao. Ataishi kwa kuinuka kwenye kiti, kugeuka jikoni na sufuria mkononi, kuvuka kizingiti cha bafu. Basi na afanyie mazoezi hayo.

Kabla hatujamaliza, Mama alinitumia video ya WhatsApp: "Huwezi kusimama mguu mmoja sekunde 10? Utakufa mapema!" Utafiti upo kweli. Ni wa Brazil, ulichapishwa 2022, watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75, na walioshindwa sekunde 10 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata. Ila walioshindwa walikuwa pia wazee zaidi na wagonjwa zaidi, wenye kisukari wengi zaidi, na hata watafiti walipojaribu kuyaondoa hayo kwenye hesabu, utafiti wa namna hiyo hauwezi kuonyesha kwamba ukijifunza kusimama sekunde 10 utaongeza umri. Ni kipimo cha hali ya mwili, kama kipimajoto. Kukizamisha kipimajoto kwenye maji baridi hakuponyi homa. (Mama alisimama sekunde 14. Ametuma matokeo kwenye kundi la familia.)

Ukishaamua kupanda

Kuna watu ambao nisingependa wapande bila mtaalamu wa fiziotherapia kuwa karibu: mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi, mwenye kizunguzungu, aliyevunjika mfupa karibuni, mjamzito, na aliyepata kiharusi. Huyu wa mwisho anaweza kupewa mazoezi ya msawazo kama sehemu ya tiba, lakini akiwa ameshikwa.

Kwa wengine, kama dogo, tulikubaliana hivi. Kwanza uvimbe uishe na aweze kutembea bila kuchechemea. Halafu asimame kwa mguu mmoja sakafuni, macho wazi, bila kugusa ukuta, mpaka iwe kazi ya kuchosha akili tu. Halafu ndipo ubao, miguu miwili kwanza. Ubao hauwekwi juu ya marumaru tupu. Tumeuweka juu ya kipande cha zulia chenye mpira chini, ukuta upande mmoja, kiti kizito upande mwingine, na hatua moja kila upande pasiwe na meza ya kioo wala mtoto wa jirani. Peku au raba, si soksi. Hakuna vyuma mkononi. Dakika chache zinatosha, maana mguu ukichoka kinachofuata ni kujifunza kuanguka. Na kama pesa hazipo, mto mnene wa kochi uliokunjwa unafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bure.

Wiki ya sita, dogo aliniambia kwa sauti ya chini kwamba goti la kulia linamuuma akishuka ngazi. Nilikuwa nimemuuliza mara tatu kabla ya hapo. Tumeusimamisha ubao, ameendelea na mazoezi ya sakafuni, na Jumatatu ana miadi na mtaalamu wa viungo. Kifundo hakijateguka tena, ingawa wiki sita si kipimo cha chochote.

Mama yuko wiki ya nane ya mazoezi yake, ameshika ukingo wa meza ya jikoni kwa kidole kimoja, anatembea kisigino kwa vidole huku anasubiri maharage yaive. Bafuni tumefunga chuma cha kushika. Fundi alidai kitafaa zaidi karibu na mlango, Mama akakataa. Alitaka pale pale alipoteleza.